Kiwavi, kiluwiluwi au kifaranga? Kuchagua mnyama na kazi ya mikono kwa watoto wadogo wa Lubumbashi

Mtoto wa Katuba au wa Kampemba anamjua kiwavi kabla hajajua kuandika jina lake. Amemwona sokoni, mkavu, amerundikwa kwenye beseni na kupimwa kwa kikombe. Amemla kwa bukari (ugali) na nyanya. Asichojua ni kwamba kiwavi huyo, kama asingekusanywa porini, angejichimbia ardhini, angekaa humo miezi, na mvua zikirudi angetoka nondo mwenye mabawa ya kufunika kiganja cha mtu mzima. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kufundisha mzunguko wa maisha ya wanyama hapa kwetu hana watoto wasiojua kitu. Nusu ya hadithi wanayo tayari.

Kazi ni kuchagua. Mnyama yupi? Na watoto wafanye nini kwa mikono: wachore, wafinyange, wakate karatasi, waigize? Ukitafuta kwenye simu utaletewa picha za sahani za karatasi zilizobandikwa vyakula: punje ya mchele ndiyo yai, makaroni ya kujipinda ndiyo kiwavi, makaroni nyingine yenye mabawa ndiyo kipepeo. Sizipendi. Kupaka chakula gundi mbele ya watoto ambao wengine wametoka nyumbani na chai tupu ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Lakini hata tungekuwa na makaroni ya kutupa, sahani ile inaonyesha vitu vinne, na mtoto wa miaka 4 anaona vitu vinne. Hakuna mahali inapomwambia kwamba huyo ni mnyama mmoja.

Mzunguko wa maisha una maswali mawili ndani yake, na watoto hawayaulizi kwa pamoja. La kwanza: huyu ni yuleyule? Yaani, huyu anayeruka ndiye yule aliyekuwa anatambaa jana? La pili: na wengine wanatoka wapi? Karibu kila mnyama na karibu kila kazi ya mikono hujibu swali moja vizuri na kuliacha jingine likining'inia. Nitalinganisha kwa kipimo hicho, pamoja na mambo ya kawaida ya msimu, usafi na kazi utakayopata wewe mtu mzima.

Kiwavi wa mlimau

Lupango nyingi (viwanja vya nyumba) za Lubumbashi zina mlimau au mchungwa. Kwenye majani machanga ya miti hiyo, mvua zikishaanza, hutaga kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye kwa jina la kisayansi ni Papilio demodocus. Hutaga yai mojamoja, la mviringo, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, rangi yake manjano hafifu. Baada ya siku chache hutoka kiwavi ambaye ukimtazama haraka utadhani ni kinyesi cha ndege: kahawia iliyokolea yenye baka jeupe. Waambie watoto wafikiri kwa nini, utastaajabu jinsi wanavyopata jibu haraka. Ndege gani atakula kinyesi?

Kiwavi hula, hukua, hujivua ngozi mara kadhaa, na katika mojawapo ya mara hizo anatoka akiwa wa kijani, hana habari tena na kinyesi. Mguse polepole kwa ncha ya kijiti na nyuma ya kichwa chake huchomoza pembe laini mbili za rangi ya machungwa, zenye harufu kali. Watoto hupiga kelele, halafu wanataka kurudia. Mara moja kwa siku inatosha, mnyama naye anachoka.

Kumfuga ni rahisi. Chukua boksi la kartoni, kata upande mmoja, funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Tawi la mlimau litie kwenye chupa ya maji, na mdomo wa chupa uuzibe kwa karatasi, la sivyo kiwavi atashuka na kuzama. Majani mapya kila siku. Mti uliopuliziwa dawa ya wadudu usiuguse. Hapo ndipo viwavi wengi wa darasani hufia, na mwalimu hulaumu boksi.

Akikaribia kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kupata mabawa, anaacha kula, anatafuta mahali, anajifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba wa hariri kiunoni, na kuvua ngozi ya mwisho. Hapa vitabu vingi vya picha hupotosha. Pupa wa kipepeo huyu hana kifuko. Anachoonyesha nje ni ngozi yake mwenyewe iliyokuwa ngumu. Kifuko cha hariri ni cha baadhi ya nondo, na wale viwavi wetu maarufu wa sokoni wengi wao hata hicho hawana, wanaingia kwenye udongo tu. Kwa hiyo usizungushie pupa wako wa mfano pamba.

Kasoro yake? Pupa anakaa wiki mbili hivi bila kuonyesha lolote, na mtoto wa miaka 3 ameshamsahau siku ya tano. Pia huenda kutoka kwa pupa akatoka nyigu mdogo badala ya kipepeo, kwa kuwa kuna nyigu wanaotaga ndani ya viwavi na mapupa. Mtoto wa miaka 7 atalipenda somo hilo. Wa miaka 4 atalia. Weka viwavi watatu au wanne, wasiwe mmoja. Na usianze mwishoni mwa mvua: baridi ikiingia, pupa anaweza kusubiri miezi bila kufunguka, nawe utamtupa ukidhani amekufa.

Kiluwiluwi

Kwa swali la "huyu ni yuleyule?" hakuna anayemshinda kiluwiluwi. Hana pupa, hana ganda, hajifichi. Leo ana mkia tu. Wiki ijayo ana vijiguu vya nyuma. Kisha vya mbele. Kisha mkia unapungua. Mabadiliko yote yanatokea mbele ya macho, na mtoto hahitaji kuambiwa na mtu kwamba ni mnyama mmoja.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: "Mama, mukia yake ilienda wapi?" Watu wazima wengi hujibu kwamba umekatika. Haukatiki. Mwili wa chura mchanga unaunyonya ule mkia na kuutumia kama chakula, ndiyo maana siku hizo anakula kidogo sana au hali kabisa. Jibu hilo huwapendeza watoto kuliko lile la uongo.

Lakini ana masharti. Mayai, yale yaliyo kama ute wenye vidoa vyeusi, au kamba ndefu za chura mwenye vipele, yanapatikana mvua zikiwa zimekolea, kwenye madimbwi na mitaroni. Aende mtu mzima kuyachota, akiwa amevaa buti. Watoto wasiingie majini: kichocho kinaambukizwa kwa ngozi kugusa maji yenye konokono wake, na somo la sayansi halistahili bei hiyo. Chukua mayai machache na maji ya palepale. Ukiongeza, ongeza maji ya mvua. Maji ya bomba yaache kwenye beseni wazi usiku kucha na mchana wake ili klorini iishe. Chakula ni majani ya lengalenga yaliyochemshwa, kidogo kabisa, na mabaki yatolewe kabla hayajaoza. Beseni likae kivulini, lifunikwe kwa chandarua, maana usipofunika mbu nao watataga humo na utakuwa unafuga malaria. Miguu ya mbele ikitoka, weka jiwe linalochomoza juu ya maji: chura mchanga anapumua kwa mapafu sasa, akikosa pa kupanda atakufa maji. Kila aliyegusa anawe mikono kwa sabuni. Mwisho wa yote, vyura wanarudishwa walikotoka.

Ni kazi nyingi. Kwa darasa la watoto 40 wa materneli (chekechea) na mwalimu mmoja, singeshauri. Kwa familia, au kikundi kidogo cha Jumamosi, ndiyo.

Kifaranga

Kuku ana sifa moja ambayo wengine hawana: siku zake zinajulikana. Siku 21 tangu mayai yalipoanza kuatamiwa, vifaranga wanatoboa. Mwalimu anaweza kupanga kalenda ukutani na watoto wakafuta siku mojamoja. Mashine ya kutotolea vifaranga inataka umeme usiokatika, kwa hiyo tumia kuku mwenyewe. Anajua joto lake na anageuza mayai bila kukumbushwa.

Kuanzia kama siku ya saba, ingia chumba cha giza, toa yai moja, liweke juu ya taa ya simu. Utaona mishipa ya damu na doa linalotikisika ndani. Hakuna kazi ya karatasi inayoweza kushindana na hapo. Lirudishe upesi, na baada ya siku ya 18 usiyaguse tena. Waonyeshe pia kijino kidogo kilicho juu ya mdomo wa kifaranga, kinachotumika kupasua ganda na kuanguka baadaye. Usimsaidie kutoka. Na asipokula siku ya kwanza usihangaike, kiini cha yai kilichoingia tumboni mwake bado kinamlisha.

Kuku anajibu swali la pili kikamilifu: wengine wanatoka wapi. Jogoo yupo, tetea yupo, yai lipo, na duara linafungwa ndani ya uwanja mmoja. Papo hapo mtoto anajifunza kwa nini mayai ya trei dukani hayatotoi: kwa kawaida kuku wale hawana jogoo. Swali la kwanza analijibu kwa unyonge, kwani kifaranga anafanana na kuku na kila kilichobadilika kilibadilika ndani ya ganda. Sikulaumu ukimtumia. Ila ukitaka kufundisha mageuzi ya umbo, kuku si mnyama wake.

| | Kiwavi wa mlimau | Kiluwiluwi | Kifaranga |
|---|---|---|---|
| Msimu | Novemba hadi Machi | mvua zikikolea | mwaka mzima |
| Muda | wiki 4 hadi 6 kukiwa na joto | wiki kadhaa, hutegemea aina | siku 21 |
| Mahitaji | tawi, boksi, chandarua | beseni, maji ya mvua, jiwe | kuku anayeatamia, mayai ya kuku mwenye jogoo |
| Kinachofichika | ndani ya pupa | karibu hakuna | ndani ya ganda |
| Hadhari | dawa ya wadudu | kichocho, mbu, mikono michafu | kumsumbua kuku, mikono michafu |
| Swali analojibu | yuleyule? (kwa kishindo) | yuleyule? (polepole) | wengine wanatoka wapi? |

Wengine kwa ufupi. Panzi anafaa kama mpinzani wa kiwavi: ana hatua tatu, yai, tunutu na panzi, na tunutu ni panzi asiye na mabawa kamili, hakuna pupa. Watoto wa darasa la pili wakiwaweka kiwavi na tunutu pamoja wanatambua wenyewe kwamba wadudu hawakui kwa njia moja. Samaki aitwaye ngege anafurahisha katika maigizo, kwa sababu aina nyingi za ngege mama hubeba mayai na watoto mdomoni. Nzi, hapana.

Mbu ni jambo jingine, na nadhani anadharauliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili, hatua zake za majini zinaonekana kwenye chupa ya plastiki ya kuangaza, na kila mtoto ana sababu ya kumjua. Mabuu ya anofelesi, anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji; ya kuleksi, aina nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini kwa pembe. Mtoto wa miaka 7 mwenye macho mazuri ataona tofauti. Funga mdomo wa chupa kwa chandarua na uzi imara, na mapupa yakishaonekana mwaga maji kwenye udongo mkavu juani. Hapa mzunguko hatuungojei ufike mwisho. Watoto wa chini ya miaka 6 nisingewapa chupa hiyo.

Sasa mikono

Anza na udongo. Lubumbashi imezungukwa na vichuguu vikubwa, na watu hufyatua matofali kwa udongo wake kwa sababu ni laini na unashikana. Ndoo moja inatosha darasa zima, bure. Mpe kila mtoto bonge moja, moja tu. Afinyange yai. Halafu, bila kupewa bonge lingine, yai lile alivingirishe liwe kiwavi. Kiwavi akunjwe awe pupa. Pupa afunguliwe, abanwe, awe na mabawa. Watoto hulalamika mwanzoni, kila mmoja anataka kubaki na kiwavi wake aliyempenda. Lalamiko hilo ndilo somo lenyewe: huwezi kubaki na kiwavi na kuwa na kipepeo. Ukitaka kuonyesha wale wa kwetu, leta viwavi wakavu wachache toka sokoni, watoto wahesabu miguu na kuchunguza vipingili, kisha wafinyange nondo ambaye hawajawahi kumwona. Waambie na jambo hili: nondo wa viwavi hao hawali kabisa, mdomo wao haufanyi kazi, wanaishi siku chache kwa akiba waliyokula utotoni, wanataga, basi.

Kosa la udongo ni kwamba mwisho wa kazi unabaki na kipepeo na huna yai. Hauzunguki.

Gurudumu la karatasi linazunguka. Kata miduara miwili ya kartoni ya biskuti, wa juu uwe na dirisha, ibane katikati kwa msumari mdogo au waya uliokunjwa, na uchore hatua kwenye mduara wa chini. Mtoto anazungusha: yai, kifaranga, kuku, yai. Kwa swali la pili halina mpinzani. Lakini linamdanganya aliye mdogo. Anadhani kuku yule anarudi kuwa yai. Nimesikia maelezo hayo kwa kujiamini kabisa, na gurudumu ndilo lililoyafundisha. Kwa hiyo kwa kuku, weka picha ya mama na ya mtoto kwa rangi mbili: yai linalofuata baada ya kuku liwe la rangi nyingine. Na usilitumie kabla ya miaka 5. Kukata mduara kwa mkasi butu ni mateso kwa mkono wa miaka 4, na mara nyingi anayekata ni mwalimu huku watoto wanatazama.

Kikaragosi cha kitenge ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Mwombe fundi cherehani vipande anavyotupa. Unashona soksi ya kijani yenye macho. Ndani yake, kwa upande wa pili, umeshona mabawa ya kitenge chenye maua. Ukiigeuza nje ndani, kiwavi anakuwa kipepeo. Ni jibu zuri la swali la kwanza, na kwa utoaji wa hadithi mbele ya darasa halina kifani. Tatizo ni kwamba mtoto mdogo hawezi kukishona, wewe ndiwe utakayekaa usiku na sindano. Kwa hiyo nakiweka upande wa vifaa vya mwalimu, nje ya kazi za watoto, na kimoja kinatosha.

Kuna pia mwili wenyewe: kujikunja uwe yai, kutambaa, kusimama umejifunga kitenge cha mama, kufunguka. Hakuna gharama, na kwa watoto wa miaka 3 ndiyo njia ya kwanza kabla ya udongo.

Daftari la kuchora kila siku linamfaa kiluwiluwi na hakuna mwingine anayelistahili kama yeye. Ukurasa mmoja, tarehe, mchoro, urefu wa mkia kwa rula. Kwa kiwavi linafaa hadi siku anapokuwa pupa. Baada ya hapo kurasa zinafanana na mtoto anachoka, ana haki. Kwa kuku, chora matokeo ya taa ya simu mara chache tu.

Ningechagua nini

Darasa la materneli, watoto wengi, mvua zimeanza: kiwavi wa mlimau pamoja na udongo wa kichuguu. Sioni mchanganyiko mwingine unaokaribia huo kwa unafuu na kwa kueleweka. Mlimau haupo jirani? Udongo na mwili peke yake, na picha nzuri.

Darasa la kwanza na la pili la msingi: kuku na gurudumu la rangi mbili, kisha tunutu na kiwavi kama ulinganisho wao wenyewe. Mbu wangoje darasa la pili, wiki ambayo unaweza kusimamia chupa kila asubuhi.

Nyumbani, mtoto mmoja au wawili, Januari au Februari, na mzazi asiyeogopa maji: kiluwiluwi na daftari. Mzazi asiye na nafasi ya kubadilisha maji asijaribu, maana beseni lililosahaulika siku tatu kwenye joto litanuka mpaka kwa jirani.

Na kama ni Juni, asubuhi zina baridi, majani ya mlimau yamezeeka na madimbwi yamekauka, mtafute mtu mwenye tetea anayeatamia, mwombe ruhusa ya kuja na watoto wachache wachache, na hesabu siku zako kurudi nyuma kutoka siku ya kufunga shule, usije ukawa likizo siku ya 21.